Goti ni Mshahara: Maumivu Tusiyafiche Tena



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za mishahara, ada za chama na mazungumzo na waajiri. Leo tunaomba ruhusa yenu tuandike habari za goti. Tunajua wako watakaocheka na kusema, "Chama kimekosa maneno." Hata hivyo tunawaomba msome mpaka mwisho, kisha mjiulize: jana usiku, katika kambi yenu, ni nyumba ngapi zilikuwa na mtu aliyekaa kitandani akijisugua goti, akingoja kengele ya asubuhi?

Sisi kazi yetu ni kuzunguka matawi ya chama katika mashamba ya chai na viwanda vyake huku magharibi mwa Uganda. Kambini tunawakuta watu wa Toro, wa Kigezi, wa West Nile, na wengine ambao wazee wao walitoka Rwanda na Kongo kutafuta kazi. Lugha za nyumbani ni nyingi, ndiyo maana ukurasa huu huandikwa kwa Kiswahili. Lakini liko neno moja ambalo tumelisikia kutoka kwa watu wa kila kabila: "Mguu unaniuma, lakini tafadhali usimwambie nyapara."

Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

MAMA ALIYEANGUKA

Yuko mama mmoja mchuma chai, jina lake hatulitaji. Amefanya kazi shambani kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa mchumaji hodari, na kilo zake mizanini vijana walizionea wivu. Goti lake la kulia lilipoanza kumuuma alilifunga kitambaa, akashusha gauni juu yake, akaenda kazini. Alifanya hivyo misimu miwili. Kwa nini alificha? Kwa sababu katika shamba lile kibarua akisema anaumwa huambiwa akapumzike, na kupumzika maana yake ni siku ambayo jina lako halimo katika daftari.

Mchana alivumilia. Usiku ndio uliomshinda. Alikuwa akilala saa nne, na ikifika saa saba goti linamwamsha. Akijinyoosha linauma, akilikunja linauma. Saa kumi na moja alfajiri anatoka kwenda shambani akiwa na usingizi wa saa tatu tu. Siku moja baada ya mvua, akivuka mtaro na kikapu kimejaa mgongoni, goti likamlegea. Akaanguka, akavunjika mkono. Msimamizi akaandika katika taarifa yake neno moja: "Uzembe."

Sasa tuseme lililo gumu kusema. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, mama huyu alikuja katika ofisi ya tawi, na sisi ndio tuliompokea. Alitueleza habari ya goti na habari ya usiku wake. Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia, "Mama, huo ni umri. Vumilia kidogo, sasa tuko katika mazungumzo ya mishahara." Hatukuandika hata mstari mmoja. Msimamizi alikosea alipomwandikia mama uzembe. Lakini uzembe ulikuwapo, nao ulikuwa wetu.

Tangu siku hiyo tumejifunza. Sisi si madaktari. Wengi wetu tuliishia darasa la saba. Lakini tumewauliza waganga wa vituo vya afya, tumesomewa na tumeeleweshwa, na tuliyoyapata tunayaleta kwenu.

SI UZEE PEKE YAKE

Ndani ya goti mifupa hukutana, na ncha zake zimefunikwa na gegedu. Gegedu ni kile kitu cheupe chenye kuteleza mnachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu ikichakaa, goti huuma, huvimba na kukakamaa. Madaktari huuita ugonjwa huu osteoathraitisi. Sisi tutauita kuchakaa kwa goti.

Ni kweli umri unachangia. Uzito wa mwili unachangia, na goti lililoumia zamani huchakaa mapema zaidi. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, hasa wakishapita umri wa kuzaa. Lakini kazi nayo ina sehemu yake kubwa. Anayepiga magoti, anayechuchumaa, anayebeba mizigo mizito na kupanda ngazi nayo kila siku kwa miaka mingi, goti lake liko katika hatari kubwa kuliko la yule anayekaa mezani. Hayo hatuyasemi sisi tu. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya kazi ya mwaka 2010, limetaja uvimbe wa mbele ya goti unaotokana na kupiga magoti kwa muda mrefu, na kuumia kwa gegedu za ndani ya goti kunakotokana na kazi ya kupiga magoti au kuchuchumaa. Na goti ambalo gegedu zake za ndani zimeumia ndilo ambalo mara nyingi huja kuchakaa.

Basi mtu akikuambia, "Huo ni uzee tu," mjibu kwa heshima: "Uzee umo, lakini na gunia limo."

USIKU NA MCHANA HUKAMATANA

Jambo la pili tulilojifunza ni hili. Maumivu huharibu usingizi, na usingizi mbaya huzidisha maumivu. Mtu asiyelala vizuri huyasikia maumivu kwa ukali zaidi kesho yake. Akisikia maumivu zaidi, usiku unaofuata halali tena. Huo ni mduara, nao mduara huo humfuata mtu mpaka kazini. Aliyekesha huteleza mtaroni, husahau mkono karibu na mkanda wa mashine, husinzia zamu ya usiku mbele ya kikaushio. Kwa hiyo hatuwezi kutibu goti tukaacha usiku, wala kutengeneza usiku tukaacha goti.

YALIYO MIKONONI MWETU

Kwanza, tusiliache goti likae bure. Wengi wetu tumefundishwa kwamba kiungo kikiuma dawa yake ni kulala. Kwa goti lililochakaa sivyo. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolishika goti. Ukikaa tu, misuli hiyo hulegea na goti hubeba zaidi. Mwendo wa kiasi na mazoezi ya kutia nguvu ndiyo dawa ya kwanza ambayo madaktari wa siku hizi huitaja. Kaa juu ya sanduku au kiti, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka unyooke, hesabu mpaka tano, ushushe polepole. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ukizoea, ongeza la kusimama na kukaa kitini bila kushika kwa mikono. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakibaki mpaka kesho yake, punguza. Wala usitazamie matokeo baada ya siku tatu. Yape majuma sita mpaka kumi na mawili.

Pili, tulipunguzie mzigo. Kila kilo moja ya mwili inayopungua kwa mtu mnene huliondolea goti karibu kilo nne kwa kila hatua. Wako wengine wembamba ambao hawana cha kupunguza. Hao wale vizuri wapate nguvu ya misuli. Ukitumia fimbo, ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa goti bovu. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mguu mgonjwa.

Tatu, tuwe na tahadhari na vidonge. Dawa ya kupaka ya diklofenaki husaidia goti, na haina hatari nyingi kama kidonge. Vidonge vya diklofenaki na aibuprofeni vinatuliza, lakini anayevimeza kila siku bila kumwona mganga anaweza kupata vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Wabaya zaidi ni wale wauzaji wa siku ya soko wenye vidonge visivyo na jina ndani ya karatasi. Baadhi ya dawa za namna hiyo huchanganywa na deksamethasoni. Juma la kwanza utacheza ngoma, baadaye mwili unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Ndugu zetu, dawa isiyo na jina msiimeze. Na kuchanjwa goti kwa wembe uliochanja watu wengine ni kununua ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani.

Nne, tuutengeneze usiku. Kanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto ya kiasi kabla ya kulala. Ukilala ubavu, weka mto mdogo au blanketi lililokunjwa katikati ya magoti. Usilale usiku kucha na mto chini ya goti lililokunjika, kwa maana litazoea kukunjika na asubuhi litakataa kunyooka. Amka saa ile ile kila siku, hata siku ya mapumziko. Ukikaa macho kitandani kama dakika ishirini, usipigane na usingizi. Inuka, kaa mahali penye giza kidogo, rudi kitandani unaposinzia.

Hapo kuna mambo mawili yatakayotuudhi. La kwanza ni chai. Sisi tunaoitengeneza ndio tunaoinywa kali kuliko wote, na wengi huinywa jioni. Nguvu ya chai ya kumwamsha mtu hukaa mwilini saa nyingi. Mwenye shida ya usingizi aiache tangu mchana. La pili ni waragi. Mtu husema, "Nameza kikombe kimoja goti linyamaze." Ni kweli waragi hukulaza upesi. Lakini usiku wa manane hukuamsha, na usingizi unaobaki ni wa vipande vipande. Kisha goti linabaki pale pale, na fedha imekwenda.

Tano, tujue hatari. Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, na mwili ukapata homa, usingoje kesho, nenda hospitali. Vivyo hivyo kama huwezi kukanyaga baada ya kuanguka. Na kama viungo vingi vinavimba, hasa vya vidole, na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, huenda ni ugonjwa mwingine wenye dawa zake. Mganga akutazame.

YASIYOWEZWA NA MTU MMOJA

Ndugu, hapo juu tumesema mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya peke yake. Tungeishia hapo tungekuwa tumewadanganya. Mama yule angefanya mazoezi yote hayo, bado kesho angebeba kikapu kile kile juu ya kilima kile kile, na bado angeficha. Yako mambo ambayo hupatikana kwa chama tu.

La kwanza ni mzigo. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linasema mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima ukizidi kilo 55 upunguzwe, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi kuliko wa mwanamume. Vituo vya kupimia majani viwe karibu na wachumaji, na magunia kiwandani yapelekwe kwa mkokoteni, si kwa shingo na goti.

La pili ni kiti. Zipo kazi za kiwandani ambazo mtu husimama saa nane kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuweka kiti. Kiti hakipunguzi hata gramu moja ya chai.

La tatu ni kubadilishana kazi. Aliyepanda vilima miaka ishirini apewe nafasi ya kuchambua majani, kutunza vitalu vya miche au kazi nyingine ya kukaa, bila kushushwa daraja.

La nne ni zamu. Majani mabichi hayangoji, kwa hiyo kiwanda cha chai hufanya kazi usiku, hilo tunalikubali. Lakini ratiba ya zamu itangazwe mapema, na mtu asitolewe zamu ya usiku akaingizwa ya asubuhi bila kulala katikati. Mkataba namba 171 wa mwaka 1990 wa Shirika la Kazi Duniani unasema mfanyakazi wa usiku akiomba apimwe afya bila malipo. Nchi nyingi hazijaukubali mkataba huo, lakini hakuna sheria inayotukataza kuuandika katika makubaliano yetu na mwajiri.

La tano ni nyumba. Familia ya watu saba katika chumba kimoja, bati linavuja, mmoja anatoka zamu wengine wanaamka: huyo atalala saa ngapi? Nyumba za kambi ni suala la afya.

NA SHERIA JE?

Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi, na inazungumzia wawakilishi na kamati za usalama. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inasema mfanyakazi aliyekwisha timiza mwezi mmoja kazini, akishindwa kazi kwa ugonjwa au kuumia, analipwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza. Lakini mwajiri anaweza kudai cheti cha daktari, kwa hiyo karatasi ya kituo cha afya usiitupe. Na Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinakataza mtu kuwekwa kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Wangapi kati yetu ni vibarua wa mwaka wa tano? Tena mwezi wa Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliingiza usalama na afya mahali pa kazi katika haki za msingi za mfanyakazi. Si fadhila ya meneja tena.

WENZETU WANAOTUPINGA

Wako wenzetu ndani ya chama wanaosema, "Tushughulikie mshahara kwanza, magoti baadaye." Tunawaheshimu, kwa sababu hata sisi tulisema hivyo hivyo, na mama yule ndiye shahidi. Lakini tufanye hesabu pamoja. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kilo hupatikana kwa kutembea. Kutembea ni kwa goti. Goti likiharibika kilo hupungua, na kilo zikipungua mshahara umekatwa, hata kama kiwango kilichoandikwa katika mkataba kimepanda. Basi tunapopigania bei ya kilo tukaacha goti, tunajaza maji katika mtungi uliotoboka.

Wako pia waajiri wanaosema hawana uwezo, kwamba bei ya chai imeanguka. Bei hupanda na kushuka, tunajua. Lakini kiti hakinunuliwi kwa bei ya mnada. Kutangaza zamu siku saba mapema hakugharimu hata shilingi moja. Na mchumaji hodari wa miaka ishirini akivunjika mkono, nani anapata hasara?

DAFTARI

Kwa hiyo tunatoa shauri. Kabla ya mazungumzo yajayo, kila tawi lifungue daftari moja. Liandikwe: jina, umri, kazi, miaka kazini, kiungo kinachouma, saa anazolala usiku. Daftari hilo lishikwe na mwakilishi anayeaminiwa, na penye wanawake wengi ashike mwanamke. Majina yasionyeshwe kwa mwajiri bila idhini ya mwenyewe. Hesabu tu ndizo zitakazowekwa mezani. Mtu mmoja akisema goti linamuuma, huyo ni mzee. Watu themanini wa shamba moja wakisema, hiyo ni kazi.

Mama yule sasa amerudi kazini. Baada ya majadiliano marefu alipewa kazi ya kuchambua, naye ana kiti. Hatutawaambia kwamba amepona, kwa maana gegedu iliyochakaa hairudi kama zamani. Lakini anafanya mazoezi yake, anatembea bila kufunga kitambaa, na usiku analala mpaka saa tisa, wakati mwingine mpaka kengele. Tulipokwenda kumwomba radhi alituambia, "Wanangu, mimi sikutaka dawa kwenu. Nilitaka mniandike."

Ndugu, tuandikeni. Anayeumwa aseme, na anayeambiwa aandike. Umoja ni nguvu.